Wajukuu wa Chupa

6 Februari

Mdogo wangu, Mama Chupa,

Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kiti pekee cha ofisi ya kitalu amekikalia Baba na hana mpango wa kukiachia. Tu wazima wote. Wifi yako anakusalimu sana, anasema kwenye ile picha umenenepa na amefurahi, kwa hiyo usikasirike. Binti yangu amemaliza mitihani na sasa anadai haki ya kulala mpaka jua lifike utosini. Masikio ya Baba yanazidi kuziba, ingawa ukitaja chai kwa sauti ya chini anageuka.

Sasa habari yenyewe. Miche yako imefika. Dereva aliendesha polepole kama mtu aliyepakata mtoto, na tulipofungua makasha hapakuwa na mmoja aliyevunjika. Baba akachungulia, akauliza, "Ndio hawa waliozaliwa kwenye chupa?" Nikamwambia ndio hawa. Akasema, "Basi ni wajukuu zangu, maana aliyewazaa ni binti yangu." Tangu siku hiyo hapa kitaluni hakuna anayesema miche. Wote wanasema wajukuu wa chupa.

Nimewapanga kwa koo zao tano, kama vibao vyako vinavyosema. Ukoo wa tatu ndio warembo kuliko wote, wamenyooka kama askari wa gwaride. Hao nimewaweka langoni, chini ya mzazi wao, ule msonobari wetu Mkaidi, ili kila anayeingia akutane nao kwanza. Wengine wako kwenye meza, ndani ya neti ya kivuli. Udongo ni ule uliochomwa kwa mvuke tulioletewa. Wa msituni tumepigwa marufuku kuugusa, kwa hofu ya ugonjwa.

Mkaidi bado kasimama, kijani kibichi, kama hajasikia msiba. Nyuma yake milima yote ni kahawia. Misonobari imekauka sindano kuanzia matawi ya chini hadi kileleni, na upepo ukipita zinamwagika barabarani mpaka magari yanateleza. Kiwanda cha mbao kimefungwa. Nusu ya wapasuaji wako kwangu sasa, watu wenye mikono kama makoleo, wanashika miche yenye urefu wa kidole na wanazuia pumzi.

Mkuu wa idara alikuja kututazama. Akaniuliza, "Mna uhakika vile vipande havijaruka?" Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Nisaidie, basi. Vipande gani, na vinaruka kwenda wapi?

Kaka yako

1 Machi

Kaka yangu mkubwa,

Mwambie wifi sijanenepa, nimevaa makoti mawili. Baridi ya huku haina adabu, inaingia hata chumbani kwangu ghorofa ya nne. Mbusu Baba kwenye kipara. Mwambie binti yako shangazi yake anamruhusu kulala, ila akiamka amsaidie mama yake.

Vipande. Chukulia kwamba ndani ya kila mti kuna kitabu chenye maelekezo ya kuutengeneza. Sasa humo kitabuni kuna sentensi zenye tabia mbaya: zinajinakili zenyewe, halafu nakala inakwenda kujibandika ukurasa mwingine. Mimea mingi huzifuta kidogokidogo. Msonobari hafuti kitu. Anaweka akiba ya kila takataka, kama Baba na misumari yake iliyopinda. Ndiyo maana kitabu chake ni kama mara saba ya kile cha binadamu, na sehemu kubwa ni hizo sentensi tu, mpya juu ya kongwe. Nyingi zimelala. Mti wenyewe umezifunga midomo.

Usidhani ni adui zetu. Kila mti una vipande hivyo mahali pake, kwa hiyo kwetu ni kama alama za vidole. Na Mkaidi ana kipande kimoja cha kale kilichojibandika kando ya jeni ya kinga. Kwake jeni hiyo huamka mapema ugonjwa unapogusa sindano. Katika miti iliyokufa hatukukikuta kipande hicho. Ndivyo tulivyochagua: katika mbegu zake tukachukua zile tu zilizokirithi, na kila mbegu tukaizalisha chupani ikawa ukoo mzima. Zamani ungepanda kwanza, ukasubiri mpaka uote mvi, ndipo ujue mti upi una kinga.

Hatari ni kwamba maisha ya chupani ni ya taabu kwa mmea. Tunaulisha sukari, tunauchanganya kwa homoni, tunauweka gizani. Mmea ukitaabika, vipande vilivyolala vinaweza kuamka. Kipande kikiruka na kutua katikati ya jeni, jeni hiyo imekwisha, kwa mti huo na kwa watoto wake. Ukoo ulioamka hatupandi mlimani. Tunauchoma moto wote.

Huku maabara mambo ni mazuri. Niandikie sindano zina rangi gani sasa, na unitumie chache za kila ukoo.

Mdogo wako

22 Aprili

Mama Chupa,

Nimechelewa, najua. Mvua ilikata barabara, barabara ilipopona gari likaugua, gari lilipopona mtu wa posta akaenda likizo. Hata simu imegoma. Ukitaka kuongea sharti upande juu ya tangi la maji, na mimi magoti yangu unayajua.

Baba mzima. Alianguka kidogo bafuni lakini aliinuka akitukana, kwa hiyo tulijua hajaumia. Wifi yako ameanza kufuga kuku, na kuku wameanza kutufuga sisi. Binti amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na nyumba nzima tumekuwa wagonjwa wake. Jana amenifunga bendeji mkono usio na kidonda.

Maelezo yako ya kitabu nimeyaelewa. Niliwasomea wapasuaji wakati wa mapumziko, na mmoja wao, yule mwenye kovu kidevuni, akasema amewahi kuwa na shemeji wa aina hiyo: anakuja mmoja, ukigeuka wamekuwa watano, kila chumba.

Rangi uliyouliza ni rangi ya msonobari. Sindano nitakutumia safari nyingine, mkasi umepotea. Ukoo wa tatu wanameremeta, ungewaona ungejivunia.

Tuombeane.

Kaka

10 Mei

Kaka yangu,

Nafurahi kwamba Baba alitukana. Mpongeze muuguzi wetu, mwambie shangazi atamnunulia viatu vyeupe.

Tangu lini kitalu kizima kikawa na mkasi mmoja?

Mimi nimekuuliza rangi, wewe umenipa kuku, bendeji na shemeji wa mpasua mbao. Sikulaumu. Ila nijibu.

Na mimi nina ombi. Ukoo wa tatu usiwachanganye na wengine hata kidogo, na usimsifie Mkuu habari zao. Sababu nitakueleza siku nyingine. Kazi ni nyingi, nalala vizuri, nakula vizuri.

Mdogo wako

28 Mei

Mama Chupa,

Salamu nyingi. Nina haraka kidogo, wapasuaji wananisubiri. Sote salama. Mkuu anakuja tena mwezi wa nane, na safari hiyo ataamua kama kitalu kinaendelea. Ukoo wa tatu nimewaacha peke yao langoni kama ulivyotaka. Hukusema kwa nini, sikuuliza, basi tuko sawa.

Wifi yako atafunga bahasha.

Kaka

*Wifi yangu,*

*Ni mimi. Kaka yako ameniachia bahasha niifunge, nami kabla ya kuifunga nimeona niseme. Akijua atanuna wiki nzima, na mimi nimeshajiandaa kununiwa.*

*Wajukuu ni wa njano. Koo zote isipokuwa ule wa langoni. Walianza ncha za sindano, sasa wako njano mpaka chini na wamegoma kurefuka. Kaka yako anaamka, anawatazama, anarudi, hanywi chai. Nikimwambia mwandikie mdogo wako anasema, "Ameacha kwao, ameishi na baridi miaka yote kwa ajili ya hii miche. Mimi ndiye nikamwambie imeharibika?" Wifi, mimi nimeolewa na mwanamume mzima, sasa naishi na kivuli chake.*

*Ndani ya karatasi hii kuna sindano. Nimezichuma mwenyewe na mkasi wa jikoni. Haukupotea.*

*Wako, wifi*

15 Juni

Kaka,

Salamu kwa Baba, kwa muuguzi, na kwa wifi hasa. Ukimnunia wifi nitapanda ndege nije ninune nawe uso kwa uso.

Nimeziona sindano. Nilizimwaga mezani nikakaa. Halafu nikacheka, kaka, kicheko kibaya, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza kama kuna mtu amekufa.

Nilicheka nini? Wakati wewe unanificha njano, mimi nilikuwa nakuficha jambo langu. Nilipokuandikia kwamba huku mambo ni mazuri, nilikuwa nimeshaona dalili katika ukoo wa tatu. Tishu ya chupani iliyobaki ilionyesha kwamba vipande vimeanza kujinakili. Nikajiambia nisikuambie mpaka nipate uhakika, kwa sababu wewe ulikuwa unawasifia kila barua, umewaweka mpaka langoni. Kumbe kila mmoja wetu amejikaza kisabuni kwa upande wake, tunapeana habari za kuku.

Sasa tuache. Nataka sindano za koo zote tano, mche kwa mche, kila bahasha na jina lake. Nakutumia chembe za kukaushia, zitie humo pamoja na sindano zisioze njiani. Tangu mwanzo tuligandisha tishu ya kila ukoo kabla haijataabika. Tutasoma mahali vipande vilipokaa mwanzoni, tulinganishe na vilipo sasa kwenye miche yako. Visiposogea, wamepona. Vikisogea katika koo zote, basi kazi yangu yote hapa imekwisha, na sitakuwa na lingine la kukuambia ila pole.

Kula, kaka. Kunywa chai.

Mdogo wako

3 Julai

Mdogo wangu,

Bahasha zimetoka leo. Wote tulikata, hata Baba alikata, ingawa ilibidi nimzuie asikate mche mzima.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni mwa jiko. Wifi yako alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

Nikamwambia, "Umemwandikia."

"Nimemwandikia."

"Lini?"

"Uliponiachia bahasha."

"Nilikuachia uifunge."

"Si niliifunga?"

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nikakaa juu ya gunia la unga, nikamwambia yote aliyokuwa anayajua tayari. Akaniwekea chai. Nikainywa. Mama Chupa, sikujua kuficha kitu kunachosha mwili namna hiyo. Nililala mchana ule kama gogo.

Lakini Mkuu hakusubiri mwezi wa nane. Alikuja wiki iliyopita bila taarifa. Pale langoni akausifu ukoo wa tatu, mimi nikatazama ardhi. Alipoingia chini ya neti sifa zikaisha. Akapita meza moja hadi nyingine, mikono nyuma.

"Hawa wamekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu mvua za kwanza, Mkuu."

"Kwenye taarifa zako sijaona."

"Sikuandika."

Akavua miwani akaipangusa. Si mtu mbaya, unajua. Naye alianzia kitaluni. Akasema, "Nikizuia moto leo, ni kwa sababu dada yako yuko huko na mashine zake. Matokeo yakija yanasema vimeruka, tunachoma vyote, na hapa tunafunga lango. Hii milima kuna wanaoitaka kwa kazi nyingine, wananipigia simu kila siku."

Wapasuaji walikuwa wamesimama na makoleo yao, hakuna aliyejifanya hasikii. Alipoondoka, Baba akatoka kwenye kiti chake, akatembea mpaka kwenye meza ya ukoo wa kwanza, akainama. "Wana homa tu hawa," akasema. Nikamwuliza amejuaje. Akasema hajui, anatamani tu iwe hivyo.

Sasa tunakusubiri wewe.

Kaka

19 Agosti

Kaka yangu, wifi yangu, Baba yangu, muuguzi wetu,

Leo salamu zitakuja mwisho. HAVIJARUKA.

Ukoo wa kwanza, wa pili, wa nne na wa tano: kila kipande kipo palepale kilipokuwa siku tulipogandisha. Tumesoma mara mbili, kwa mikono tofauti. Kile kipande cha Mkaidi, kando ya jeni ya kinga, kipo, kimetulia kama jiwe. Wajukuu wenu wa njano ni wazima kitabuni.

Mama Mkuu wa maabara ndiye aliyeleta karatasi. Huyu mama hajawahi kukaa chini mbele yetu, husimama kama mnara. Leo alivuta kiti akakaa. Nikajua ni mabaya.

Akasema, "Soma."

Nikamwambia, "Nisomee wewe, macho yangu hayaoni."

Akasoma. Nikamwomba arudie ukoo wa pili. Akarudia. Nikamwomba arudie wote. Akasema, "Binti, toka nje uvute hewa, halafu urudi ufanye kazi." Nilitoka bila koti, na sikusikia baridi.

Sasa lile moja lililobaki. Ukoo wa tatu umeamka kweli. Vipande vimejinakili, vimetua huku na huku, na katika kila mche tuliopima kimoja kimetua ndani ya ileile jeni ya kinga tuliyoitafuta. Kwa macho ni warembo, najua. Ni nyumba iliyopakwa rangi vizuri na mlango umeng'olewa. Ugonjwa ukifika utaingia moja kwa moja. Wachome, kaka. Wote, na udongo wa viriba vyao, ile mifuko ya plastiki, uache hapohapo. Naomba usimpe mtu kazi hiyo, ifanye mwenyewe. Mimi ndiye niliyewakuza kutoka punje, ningekuwa huko ningefanya mimi.

Na bado kuna swali. Kama koo nne ni salama, kwa nini ni njano? Jibu haliko kwenye jeni. Liko kwenye maji, au udongo, au hewa yenu hiyo. Huko mimi kipofu, wewe ndiye bwana shamba uliyesomea. Tazama tena.

Nawasalimu wote, mmoja mmoja.

Wenu

26 Septemba

Mdogo wangu,

Baba hasikii, kwa hiyo nililazimika kumpigia kelele sikioni, "HAVIJARUKA!" na kelele hiyo ikasikika mpaka kwa wapasuaji kule kwenye rundo la udongo. Yule mwenye kovu alitupa koleo juu. Liliporudi karibu limpasue mwenzake. Wifi yako alinishika shati mgongoni kama mtu anayezuia kitu kisianguke, tukakaa hivyo mpaka maziwa yakafurika jikoni.

Mkuu niliongea naye kwa simu. Ndiyo, nilipanda tangi, magoti yatanisamehe. Nikasikia amevuta pumzi ndefu. Akasema, "Nitawaambia wale wengine wasinipigie tena."

Halafu nikaenda langoni kuwachoma.

Mama Chupa, nilijua itaniuma, na iliniuma. Nilianza kuinua kiriba cha kwanza, hakikuinuka. Nikavuta. Nikadhani kimenasa kwenye waya. Nilipokiinamisha, nikaona mizizi imetoboa chini ya plastiki na kuingia ardhini, kwenye udongo wa Mkaidi mwenyewe. Na ile mizizi ilikuwa imevikwa nyuzi nyeupe, laini, kama mtu aliyevaa soksi za sufu.

Nilikaa chini palepale. Lile swali lako nilikuwa natembea nalo kila siku: kwa nini ukoo wa tatu peke yao ni kijani? Tulidhani ni ubora wao. Kumbe walikuwa wanalishwa. Msonobari hauwezi kunyonya vizuri bila kuvu anayekaa mizizini, hilo tumefundishwa sote chuoni. Lakini udongo wetu umechomwa kwa mvuke, hauna kiumbe ndani yake, na ule unga wa kuvu tuliopewa tuwatie mizizini, nimeupeleka ukapimwe: umekufa, pengine kwa joto la ghala. Wa msituni ulikuwa marufuku. Hapo wajukuu walikuwa wamekaa mezani mbele ya sahani tupu, na mimi nikawa nawalaumu kwa kukonda.

Nimeomba kibali. Wapimaji wa magonjwa ya miti wamekuja, wamechukua udongo wa chini ya Mkaidi, wamesema huo ugonjwa unakaa kwenye sindano, na udongo wa pale ni safi baada ya kuondoa sindano zote za juu. Tumeupeleka kwa vijiko, kijiko kwa kila kiriba. Wapasuaji walipiga magoti kati ya meza.

Ukoo wa tatu niliwachoma mwenyewe. Walikuwa na harufu nzuri mpaka mwisho.

Sasa nawatazama hawa wengine. Bado njano. Siwezi kukudanganya tena, kwa hiyo nasema: bado njano, na nina hofu, lakini chai nakunywa.

Kaka

14 Oktoba

Kaka,

Nimesoma barua yako kwa sauti maabara nzima, nikitafsiri palepale. Nilipofika kwenye soksi za sufu, Mama Mkuu alisema, "Huyo ndugu yako aandike yeye hiyo sehemu ya ripoti." Kwa hiyo jiandae, jina lako litakuwa kando ya langu.

Kuhusu ukoo wa tatu nililia kidogo. Imekwisha.

Kuvu hana haraka. Mpe muda. Kila kitu kinachohusu misonobari huenda polepole, isipokuwa kufa. Wakibadilika, hata ncha moja, niandikie siku hiyohiyo.

Wasalimie wote. Baba avae sweta.

Mdogo wako

2 Desemba

Mama Chupa,

Ncha.

Ukoo wa nne ndio walioanza. Wifi yako ndiye aliyeona, alikuwa anamfukuza kuku chini ya meza. Aliniita kwa sauti ambayo nilidhani ni nyoka. Sindano mpya katikati, kijani, zile za zamani bado njano kandokando. Leo asubuhi ukoo wa kwanza na wa pili nao. Ukoo wa tano wanajivuta, lakini wanakuja.

Hatujambo. Hatujambo kabisa kabisa.

Kaka

18 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Baba anakusalimu. Nimemnunulia kifaa cha masikio, na sasa analalamika kwamba dunia ina kelele na kwamba mimi hukoroma. Muuguzi wetu yuko chuoni, viatu vyako vimemtosha. Kuku wamepungua, usiulize.

Lile jaribio la ugonjwa alilotaka Mkuu kabla ya kupanda limekwisha. Kwa miezi kadhaa tulining'iniza matawi magonjwa juu ya wajukuu, na tukaweka katikati yao miche ya kawaida ya mbegu za miti iliyokufa, yote tukainyunyizia maji ugonjwa ukolee. Ile ya kawaida imekauka yote. Wajukuu, wachache walipata madoa, yakakomea hapohapo. Mkuu alikuja akapita mezani tena, mikono nyuma, nami nyuma yake kama mara ya kwanza. Akafika mwisho wa safu. Akageuka.

"Unangoja nini?" akasema. "Mvua imeshafika. Panda."

Tulipanda jana. Tulianzia mteremko ulio nyuma ya kiwanda, ule uliobaki visiki vitupu. Kulizuka ugomvi nani atie mche wa kwanza. Mimi nikasema Baba, Baba akasema mgongo haumruhusu, wapasuaji wakasema basi ipigwe kura, na wakati tunabishana yule mwenye kovu alikuwa ameshapanda safu nzima. Mkuu alivua viatu, akakunja suruali, akachimba kama sisi. Mvua ilitupiga tangu asubuhi na hakuna aliyeomba kwenda kujikinga. Yule mpasuaji wa zamani kuliko wote, aliyeangusha nusu ya ule msitu kwa mikono yake, alishindilia udongo kwenye shina la mche mmoja, akauvuta kidogo kuona kama umeshika, akasema, "Haya, kaa."

Tulirudi tumelowa chapachapa. Nikaenda kuhifadhi zana, nikachelewa kidogo nikizungumza na Mkuu, ambaye ghafla amekuwa mtu wa hadithi. Nilipofika nyumbani ilikuwa bado mchana. Mlango uko wazi, sufuria iko juu ya jiko lisilowashwa, na wifi yako amelala kwenye kochi na matope yake yote, mdomo wazi, mkono mmoja umegusa sakafu. Yule mwanamke ambaye tangu mwaka jana alikuwa akiamka kabla yangu ili anitazame ninavyowatazama wajukuu.

Nilichukua kiti nikakaa mlangoni. Nje mvua ilikuwa inaendelea, nzuri, ya kuotesha. Baba alikuja akitaka kusema kitu, nikaweka kidole mdomoni. Akamtazama wifi yako, akavua kile kifaa sikioni, akakaa kando yangu. Tulikaa hivyo mpaka giza likaanza kuingia, mimi nikiogopa hata kukohoa.

Kaka yako